Saa Moja ya Kuongeza

Ngome ya Ravensey,
10 Septemba 1916

Mdogo wangu Phillis,

Salamu kwako na kwa binti yako Hessie. Kama mumeo Dunstan amekuandikia kutoka huko vitani Ufaransa, mjibu kwamba shemeji yake anamwombea na soksi zinakuja.

Sasa nina neno. Bwana Venner na wageni wake wanaondoka tarehe thelathini, wanarudi zao London, na hatutawaona tena mpaka Pasaka. Ngome nzima itabaki na mimi. Vyumba tisa vya kulala, vitanda vya nguzo nne na mapazia yake, na mtu mmoja wa kuvipangusa vumbi. Basi njooni! Njooni Alhamisi, tarehe tano Oktoba, mkae hata wiki tatu. Miaka minne naitunza nyumba hii na ndugu yangu wa tumbo moja hajapanda hata ngazi yake.

Utacheka ukiiona. Ilijengwa kwa ajili ya mizinga, kuta nene kama kitanda kilivyo kirefu. Bwana alipoinunua walikuwa wanakaa kunguru na mbuzi. Akaleta fundi wake wa kuchora majumba kutoka London, wakatoboa madirisha, wakatia mabafu, na sasa anaiita kijumba chake cha kupumzikia. Kijumba! Mizinga miwili bado iko juu ya paa, na lango la chuma bado linaning'inia kwenye minyororo juu ya mlango, tayari kumkata mgeni vipande viwili. Wale mabibi wa London wanaupanda mteremko wameshika kofia kwa mkono huu na sketi kwa mkono huu, usiku wanalala na makoti, asubuhi wanasema "Pazuri mno!" huku pua zimekuwa nyekundu. Mimi nimezoea. Siogopi kitu.

Njia ni hivi. Shukeni stesheni ya Fenham Rigg, teremkeni ufukweni, na kigari cha Reuben Kyle, tarishi wetu wa posta, kitawangoja na farasi wake. Ni maili tatu za mchanga, kuna nguzo zimesimikwa mstari mmoja kutoka bara mpaka kisiwani. Katikati kuna kibanda juu ya miguu mirefu, cha wajinga waliochelewa. Maji yakipwa ni barabara, yakijaa ni bahari, ndiyo hayo tu.

Nimekunakilia jedwali la maji la wiki ile yote ya kwanza ya Oktoba. Lakini shika hili: kila saa utakayoiona kwenye karatasi, ongeza saa moja. Usiniulize kwa nini, nikianza kukueleza utaumwa kichwa. Ongeza moja, basi.

Mkisikia mtoto analia huko mchangani msishtuke, si mtoto. Ni sili, wale wanyama wa baharini wenye macho ya kibinadamu, wamejilaza kwenye fungu la mchanga wanalialia. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka mbio na blanketi mkononi, na Reuben ananicheka mpaka leo.

Na umwambie Hessie mapema: huku yule mnyama wa zizini mwenye pua bapa hatajwi jina. Kumla tunamla, kumtaja hapana. Mvuvi akilisikia jina lake anagusa chuma, anageuka nyuma, anakwenda kwake bila kusema na mtu mpaka ashike komeo la mlango wake. Usije ukaniaibisha.

Siogopi kukaa peke yangu, usidhani. Ni kwamba mkate wote ule nitaula na nani?

Dada yako,
Tamar Lilburn

*

Morpeth,
16 Septemba 1916

Dada Tamar,

Barua yako nimeisoma mara nne. Hessie ameisoma mara kumi na sasa kila kikapu ndani ya nyumba hii ni ngome na kila mwiko ni mzinga.

Dada, unanijua. Wewe ndiye uliyekuwa unanishika mkono kupita mbele ya bata wa Mzee Hedley. Maili tatu za mchanga, na bahari imekaa pembeni inatungoja tufike katikati? Kigari kipo kweli? Farasi si wa kurukaruka? Na huyo Reuben anajua nina mtoto mdogo? Niandikie tena kuhusu kigari.

Lakini hapa nako, sikufichi. Kila siku anapita msichana wa telegramu na baiskeli yake. Juzi alisimama kwa Bi Rutherford, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na Bi Rutherford alikaa tu chini mlangoni na bahasha mapajani. Mtoto wake wa pili huyo kufa vitani. Dunstan hajaniandikia tangu Agosti. Mtu akibisha hodi, sifungui mpaka nijue ni nani. Hata muuza maziwa sasa anaita kwa sauti kutoka njiani, "Ni mimi, mama, ni maziwa tu!" Maskini, ameshanielewa.

Nakuuliza na wewe sasa. Mbona barua yako imeandika mara mbili kwamba huogopi, na mimi sikukuuliza? Mbona mwandiko wa mwisho umelala upande?

Tutakuja Alhamisi hiyo. Ninakuletea kitu kizuri, mguu wa nyuma wa yule mwenye pua bapa, umekaushwa kwa moshi. Unaona, sikumtaja.

Mdogo wako,
Phillis Ord

Mama mkubwa, mizinga bado inafanya kazi au imezeeka? Mimi siogopi bata. Hessie.

*

Ngome ya Ravensey,
22 Septemba 1916

Phillis,

Kigari kipo. Nimeshakwambia kipo. Farasi ni mzee kuliko mchungaji wetu na ana adabu kumzidi.

Mwandiko umelala kwa sababu nilikuwa naandikia magotini, jikoni kumejaa wageni wa Bwana wanataka maji ya moto. Una macho ya polisi wewe!

Mpishi, Bi Marjory, ameacha kazi. Nilimwomba abaki nami msimu wote wa baridi, sasa anasema hata kwa kupewa ngome yenyewe habaki. Eti amesikia mtu anatembea ukumbi wa juu wakati wote tuko chini. Nikamwambia, mama, ni upepo unaingia chini ya milango unainua mazulia. Na ni kweli, upepo huku unainua mazulia, nimeona kwa macho yangu. Akanijibu, "Tamar, upepo hauna visigino."

Nakutania tu. Hapa hakuna kitu. Kuna minyororo ya lile lango inayogongana, kuna bomba la moshi linalokohoa kama baba yetu marehemu, na kuna madirisha ya upande wa bahari ambayo lazima niyafunike kwa mapazia meusi kila jioni, mwanga usionekane na Wajerumani. Kumi na saba. Nayafunika nikiwa nimeyapa mgongo. Sijui kwa nini nimekuandikia hilo.

Msiahirishe. Nasema msiahirishe, Phillis. Chumba nimeshakitandika, cha upande wa kusini, karibu na changu, ukuta mmoja tu.

Hessie, mizinga imezeeka lakini tukiitia baruti huenda ikapiga chafya.

Tamar

*

Morpeth,
Jumamosi, 30 Septemba 1916

Dada yangu,

Usinikasirikie, nimebadilisha siku. Tunakuja Jumatatu, tarehe mbili, si Alhamisi.

Leo asubuhi msichana wa telegramu alisimama kwenye geti letu. Getini kwetu hasa, dada! Nilimwona kupitia dirishani. Akateremka, akainama. Nilikaa nyuma ya mlango nimemfunika Hessie masikio, sijui hata kwa nini masikio. Nilingoja hodi. Haikuja. Nilipochungulia, kumbe mnyororo wa baiskeli umetoka, anaurudisha. Akapanda, akaenda zake, mikono imejaa grisi. Mimi nikatapika kwenye ndoo.

Siwezi kungoja mpaka Alhamisi ndani ya nyumba yenye mlango wa mbele. Kwako mlango uko juu ya mwamba na bahari imeuzunguka, hapo hata telegramu itachoka.

Treni inafika Fenham Rigg saa nane mchana. Karatasi yako inasema Jumatatu njia ni salama mpaka saa tisa alasiri. Nimeongeza moja kama ulivyoniagiza, kwa hiyo tuna mpaka saa kumi. Saa mbili nzima, na kigari juu! Naona hata mimi sina la kuogopa. Nimejitia moyo hivyo tangu asubuhi.

Barua hii utaipata Jumatatu hiyohiyo Reuben akija na mfuko, basi mwambie ageuze kigari atufuate. Kama tumepishana naye tutaanza kufuata nguzo, naye atatukuta njiani. Hessie amenunuliwa leso nyekundu, anasema ni bendera yake ya ngome.

Weka birika motoni.

Phillis

*

Ngome ya Ravensey,
Jumapili, 1 Oktoba 1916

Mdogo wangu,

Leo niko peke yangu rasmi. Bwana aliondoka jana na masanduku kumi na mawili na ganda moja la simbi aliloliokota mwenyewe ufukweni, kalibeba kama yai.

Kazi ya kwanza aliyoniachia ni saa zake. Ana saa za ukutani kumi na moja humu ndani, na leo serikali imeamuru saa zote nchini zirudishwe nyuma. Nimezunguka na kigoda toka chumba hadi chumba, naingia nikikohoa kwa nguvu kila mlango, ili kama kuna mtu ajue nakuja. Ndipo nilipofika ile ya ukumbini, mkono uko kwenye mshale, nikashtuka nusura nianguke. Nilikumbuka nilichokuandikia wewe.

Sikiliza vizuri, leo nakueleza hata kama kichwa kitauma. Mwezi wa tano serikali ilisogeza saa mbele kwa saa moja, eti tupunguze makaa wakati huu wa vita. Lakini jedwali la maji lilichapwa tangu Januari, na bahari haisomi amri za serikali. Ndiyo maana kiangazi chote tuliongeza saa moja. Leo saa zimerudi zilipokuwa. Saa ya ukutani na karatasi sasa zinasema neno moja. Kwa hiyo USIONGEZE KITU. Karatasi ikisema saa tisa ni saa tisa. Ukiongeza moja sasa, saa hiyo ni ya maji, si ya watu.

Niliona haya kwa kukwambia usiulize. Mama alikuwa akisema ulimi wangu unatangulia mbele, akili inakuja na kigari cha pili. Ashukuriwe Mungu mnakuja Alhamisi na leo ni Jumapili. Reuben ataondoka na barua hii kesho asubuhi, Jumanne utakuwa nayo mkononi. Siku mbili za kuipigia mstari.

Kuna jambo jingine kuhusu kigari nataka kukwambia, ila nitakuandikia kesho, likufikie Jumatano. Acha nifunike madirisha kwanza, jua linashuka.

Tamar

*

[Kwa penseli, nyuma ya barua ya Phillis ya 30 Septemba]

Kibandani, Jumatatu

Phillis. Phillis wangu.

Reuben aliniletea barua yako saa nane na ushei, ngome ndiyo ya mwisho kwenye mzunguko wake. Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Nilikimbia hivihivi, na aproni, sikuchukua hata shali.

Nilifika kwenye mchanga nikaona watu wawili mbali sana, mmoja mrefu mmoja mfupi, wanakuja. Niliita mpaka koo likapasuka. Nilikimbia kuelekea kwao. Ukungu ukashuka, ulipoinuka hawapo. Maji yalikuwa kwenye vifundo, halafu magotini, nikafika kibandani na sketi nzito kama maiti. Nilisema watakuwa humu. Nilipanda ngazi nikiita Hessie, Hessie, nimefungua mlango kuna benchi na chupa tupu.

Hamumo.

Nimehesabu. Ulishuka saa nane. Ulitembea ukidhani una mpaka saa kumi kwa sababu mimi nilikuandikia ongeza moja, usiulize. Wewe tangu utoto nikikwambia usiulize, huulizi.

Kigari hakipo. Jeshi lilimchukua farasi wa Reuben tangu mwezi wa nne. Nilijua ukijua utatembea kwa miguu huji, na mimi nilitaka uje. Nisikilize niseme ukweli angalau kwa penseli. Naogopa nyumba ile. Msimu uliopita nililala jikoni miezi mitano na kiti nimekiegemeza mlangoni. Mara mbili nilimwandikia Bwana barua ya kuacha kazi, mara mbili nikaichoma. Sikutaka kukuonyesha vyumba, Phillis. Nilitaka mtu apumue upande wa pili wa ukuta. Kwa ajili ya hilo nimewaita wewe na mtoto baharini.

Maji yamefika ngazi ya tano. Nguzo nazihesabu, zilizobaki juu ni vichwa tu. Hakuna kinachosogea. Nimeita mpaka sauti imekwisha.

Saa kumi imepita, nadhani.

Kuna mtoto analia.

Upande wa kaskazini, karibu. Analia anaacha, analia anaacha. Najua nilichokuandikia kuhusu sili. Najua. Lakini analia kama Hessie alipong'olewa jino, na mimi nilikuwepo siku ile. Kama ni sili nitakuwa mjinga mara ya pili, Reuben atacheka. Kama si sili?

Nashuka. Karatasi naiacha chini ya chupa.

T.

*

Morpeth,
Jumatatu, 2 Oktoba 1916, jioni

Dada Tamar,

Haya, cheka. Mdogo wako mwoga amefika mpaka mchangani na amerudi nyumbani na treni ya saa kumi na robo. Najua umekaa mbele ya moto na ule mkate, unasema "Nilijua tu." Sema, nimestahili.

Lakini mimi nina kesi na wewe pia. Kigari kiko wapi? Tuliposhuka ufukweni palikuwa patupu. Tukaanza kufuata nguzo, Hessie mbele na leso yake. Nguzo ya sita hivi, ukungu ulikuwa umetanda, akatokea mama mmoja mchimba chambo, anaitwa Barbary Jobling, anatoka huko ndani na ndoo yake, anatembea haraka. Nikamuuliza kigari cha Reuben. Akasema, "Kigari gani? Farasi wake si yuko vitani tangu Aprili?" Dada! Uliniapia mara mbili!

Kabla sijafunga mdomo, Hessie akafungua kikapu, akasema kwa fahari, "Tunampelekea mama mkubwa paja la nguruwe!"

Ungemwona yule mama. Ndoo ilianguka, chambo kikatapakaa. Akainama akashika msumari wa kiatu chake, chuma, kama ulivyosema. Halafu hakutoa neno tena. Hakuna. Alimshika Hessie mkono, akamgeuza, akaanza kumvuta kurudi bara. Nikasema mama, tuna muda, tuna mpaka saa kumi! Akanitazama kama mtu anayemtazama mwehu, akatikisa kichwa, akazidi kuvuta. Ningeweza kumpokonya mtoto wangu. Nikuambie ukweli, nilifurahi. Nilitamani kugeuka tangu nguzo ya kwanza.

Tulipofika juu kwenye majani nikageuka kutazama. Pale tulipokuwa tumesimama palikuwa panang'aa kote, pametulia. Nadhani lilikuwa jua. Yule mama akashika komeo la mlango wake, akaufunga.

Kwa hiyo tumenusurika na mchanga wako kwa sababu ya mguu wa yule asiyetajwa. Hessie amelia njia nzima akidhani ameiharibu bahari.

Nijibu upesi. Nikasirikie, lakini nijibu. Tutajaribu Alhamisi kama tulivyopanga, ukija kutupokea mwenyewe.

Phillis

*

Ravensey,
Jumanne, 3 Oktoba 1916

Mama Hessie,

Mimi ni Reuben Kyle, tarishi. Mkono wangu umezoea kubeba barua kuliko kuandika, utanivumilia.

Dada yako yu hai. Nimeandika hilo kwanza ili usome mengine umekaa.

Jana jioni nilikuwa natengeneza nyavu nikaona madirisha ya ngome hayajafunikwa. Bi Tamar hajawahi kusahau pazia hata moja. Nilipanda, nikakuta mlango wazi, moto umekufa, na bahasha yako kwenye ngazi. Nikawaita wenzangu. Ilibidi tungoje maji yapwe. Tulimkuta chini ya kibanda, amejifunga kwenye ngazi kwa kamba za aproni, mikono ameipitisha katikati ya vipandio. Alishuka na maji yakamzoa, akaikamata ngazi alipokuwa anapita. Na yule sili alikuwa palepale kwenye fungu, bado analia. Sikucheka, mama.

Mwili utapona. Mke wangu Euphemia yuko naye, anakunywa supu. Tatizo ni jingine. Anasema mmekufa. Leo barua yako ya jana imefika na mfuko, nikamsomea yote, hata ya Barbary na ndoo. Akaitazama akasema, "Hiyo ni ya zamani." Nikamwonyesha mhuri wa posta, tarehe hiyo hapo. Akasema, "Reuben, barua iliyosema wanakuja nayo ilikuwa na mhuri."

Ameondoka kwetu kwa nguvu, amerudi ngomeni. Amewasha moto vyumba vyote tisa, kwa kuwa mtaletwa mmelowa, anasema. Ametaka mashua ziwatafute kwenye mkondo wa bahari, na mashua mbili zimekwenda, maana tungemjibu nini? Hataki kulala.

Nakutumia karatasi tuliyoikuta chini ya chupa. Nimeisoma, nisamehe, nilikuwa natafuta jina la mtu. Isome peke yako, mtoto asione.

Mama, barua hazitafaa kitu. Anataka kumwona mtoto. Alhamisi maji yanafungua saa nne na nusu asubuhi, yanafunga saa kumi na moja na nusu jioni. Usiongeze, usipunguze. Sina farasi, lakini nitakuwa nguzo ya kwanza ya upande wenu saa sita, kwa miguu, na Barbary amesema atakuja, mradi kikapu kifungwe.

Reuben Kyle

*

Morpeth,
Jumatano, 4 Oktoba 1916

Dada Tamar,

Najua barua hii nayo huiamini. Basi usiiamini, isikilize tu Reuben akikusomea leo jioni, naiwahisha na treni ya mchana kabla maji hayajajaa.

Ile ya Jumapili niliipata jana. USIONGEZE KITU, umepiga mstari mara tatu. Nilikuwa nimesimama jikoni, nikaelewa kwa nini yule mama alinitazama vile, na kwa nini mchanga ulikuwa unang'aa. Nilimkumbatia Hessie mpaka akasema, "Mama, unaniumiza." Leo ikaja ya penseli.

Nina hasira nawe, nitakuja na hasira yangu yote na utaisikia ngome nzima. Lakini kuna jambo moja siwezi kulingoja. Miaka thelathini na mbili nimedhani katika nyumba yetu mwoga ni mmoja. Wewe ulinishika mkono mbele ya bata, sikujua mkono wako nao ulikuwa unatetemeka. Ungeniandikia neno moja, naogopa, hilo tu, bila kigari na bila vitanda vya nguzo nne, ningekuja kwa miguu tangu Pasaka. Usingenidanganya, dada. Ningeogopa, na ningekuja.

Kesho saa sita mchana tutakuwa nguzo ya kwanza. Sijalala, na nikifumba macho naona vichwa vya nguzo. Nakuja hivyohivyo. Euphemia akuketishe kwenye dirisha la kusini, lile la chumba ulichotutandikia. Itatuchukua saa moja na nusu. Tutakuwa wanne, na mmoja wetu ni mfupi, na huyo mfupi atakuwa anapunga leso nyekundu kuanzia tutakapouona ukuta wa ngome mpaka mkono uchoke, halafu atabadilisha mkono.

Moto wa vyumba vinane uzime. Tutalala chumba kimoja, wote watatu, na kiti tutakiegemeza mlangoni.

Phillis

Mama mkubwa, mimi niko. Hessie.